Hatuna Bahari, Lakini Tuna Pwani



Kila mwaka mvua zinapokatika na baridi ya asubuhi inapoanza kutuingia, vikundi vya vijana katika parokia zetu za Likasi huanza kuzungumzia safari ya pamoja. Mazungumzo hayo tumeyasikia mara nyingi hata tunayajua kwa moyo. Yupo anayeonyesha katika simu yake picha ya vijana wa Unguja au Mombasa wakitembea mchangani kando ya bahari, viatu mkononi, na mnara wa taa ukisimama mbali mbele yao. Yupo anayeuliza ni lini sisi nasi tutatembea hivyo. Yupo anayejibu kwa kicheko kwamba Likasi haina pwani, ina mashimo tu. Mwishowe hukodiwa lori, huazimwa vipaza sauti, na safari ya mwaka huwa saa 2 za muziki na saa 3 za kungoja wali uive.

Hatusemi kwamba muziki ni dhambi. Tunasema kwamba yule aliyeonyesha picha alikuwa na hamu ya kweli, na hamu hiyo haikupewa jibu. Tungependa kuijibu.

Tuanze na picha yenyewe, maana ina mambo mengi kuliko inavyodhaniwa. Katika ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Pemba kuna rasi iitwayo Kigomasha. Mwaka 1900, Zanzibar ikiwa chini ya himaya ya Waingereza, palisimamishwa hapo mnara wa taa uliojengwa kwa chuma, ili meli zipitazo usiku zijue nchi kavu ilipo. Upande wa mashariki wa rasi hiyo kuna ufuko mrefu wa mchanga mweupe uitwao Vumawimbi, na nyuma yake msitu wa Ngezi. Mtu anaweza kuufuata ufuko huo kwa miguu akielekea mnarani. Kwa mwenye haraka ni mwendo wa saa chache. Kwa kikundi kinachotazama, kinachouliza na kinachopumzika, ni mwendo wa siku nzima.

Lakini mwenyeji hatakuacha uondoke kabla hajayatazama maji. Bahari ya Hindi hujaa mara mbili na hupwa mara mbili kwa siku, na saa za kujaa na kupwa husogea mbele kiasi cha dakika 50 kila siku, kwa kuwa zinaufuata mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa ndio kwanza unaandama, tofauti kati ya maji yaliyojaa na maji yaliyopwa katika visiwa hivyo hukaribia mita 4. Siku za maji mafu tofauti hiyo hupungua sana. Anayetoka maji yakiwa yanapwa hukuta barabara pana ya mchanga mgumu, isiyo na vumbi wala magari. Akichelewa kugeuka, hukuta barabara ile imemezwa, na yeye amebanwa kati ya mawimbi na mawe. Kwa hiyo kijana wa pwani hujifunza mapema kwamba saa ya kutoka haipangwi na uvivu wake. Hupangwa na mwezi, na mwezi haungoji mtu amalize kunywa chai.

Na mnara? Neno la Kifaransa *phare*, ambalo mafundi wetu wa magari hulitumia kwa taa za mbele, limetokana na jina la kisiwa kidogo cha Pharos, mbele ya mji wa Aleksandria huko Misri. Hapo, yapata mwaka 280 kabla ya Kristo, ulijengwa mnara uliohesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya dunia ya kale. Kwa karne nyingi minara ya namna hiyo ilitegemea moto wa kuni, wa makaa au wa mafuta, na sehemu kubwa ya mwanga wake ilipotea bure, mingine ikienda juu kwa nyota na mingine ikimwagika chini kwenye mawe. Mwaka 1823, katika mnara wa Cordouan, mbele ya mdomo wa mto Gironde nchini Ufaransa, mwanafizikia Augustin Fresnel aliweka lenzi iliyofanywa kwa vipande vingi vya kioo, vimepangwa pete ndani ya pete. Kazi yake ilikuwa kukusanya mwanga uliokuwa ukipotea na kuuelekeza wote kwenye upeo wa bahari. Angalieni: miale iliyokuwa ikitangatanga ilirudishwa kazini, na kwa njia hiyo taa ile ile ikaonekana mbali sana. Mlezi wa vijana akilielewa jambo hilo moja, hatalalamika tena kwamba kikundi chake ni kidogo.

Kuna la zaidi. Kila mnara una mpigo wake. Mmoja humulika mara moja kisha hunyamaza kwa sekunde kadhaa. Mwingine humulika mara mbili upesi upesi ndipo unyamaze. Nahodha huhesabu, hulinganisha na kitabu chake, na hutambua ni rasi ipi iliyo mbele yake. Tena mnara hauiiti meli ije. Unaiambia: hapa pana hatari, pita mbali, shika njia yako. Atembeaye kwa miguu ufukoni huelekea mahali pale pale ambapo baharia anaonywa asifike. Ndiyo maana safari hiyo huwagusa watu bila wao kujua sababu: wanaiendea ishara kutoka upande wa nyuma, upande wa nchi kavu, na kuona jinsi ilivyo kitu cha kawaida tu, chuma, ngazi, kutu na mtu mwenye funguo.

Sasa turudi kwetu. Ni kweli kwamba kutoka Likasi hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 1,000, na kuelekea Atlantiki ni vivyo hivyo. Nchi yetu, pamoja na ukubwa wake wote, ina pwani ya Atlantiki isiyofika kilomita 40, kule Muanda na Banana, na hata hiyo inaliwa na mawimbi mwaka baada ya mwaka. Kijana wa Likasi anayetaka kuuona mnara wa taa wa baharini atahitaji pasi ya kusafiria, au tikiti ya ndege, au vyote viwili. Wachache watafika. Wengi hawatafika, na si haki kuwafundisha kwamba uzuri wa nchi huanza mahali wasipoweza kufika.

Lakini tulitazame neno. Pwani ni mahali pa kupwa, mahali ambapo maji huondoka na kurudi. Kwa maana hiyo Likasi ina pwani, upande wa mashariki wa mji, na wengi wenu mmekwisha kula samaki wake.

Ziwa Tshangalele halikuumbwa pamoja na vilima vyetu. Lilitokea pale mto Lufira ulipozibwa juu ya maporomoko ya Cornet, yaliyopewa jina la mwanajiolojia Mbelgiji Jules Cornet, aliyepita Katanga katika msafara wa Bia na Francqui kati ya mwaka 1891 na 1893. Maji yalizibwa ili yaendeshe mitambo ya umeme ya Mwadingusha, ambayo wakati ule iliitwa Francqui, na ambayo ilianza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya viwanda vya shaba. Mji wetu nao ukaitwa Jadotville mwaka uliofuata, jina lililodumu hadi 1966. Ziwa basi ni la rika la babu zetu. Lina umri wa karibu karne moja tu. Bonde lililofunikwa lilikuwa tambarare, na kwa sababu hiyo maji yalitanda mbali bila kuwa na kina kikubwa. Mahali pengi mvuvi husukuma mtumbwi wake kwa upondo.

Ziwa lisilo na kina haliwezi kuficha kitu. Mvua zinapokoma, karibu na mwezi wa 4 na wa 5, maji huwa juu kabisa. Miezi ya 10 na ya 11, baada ya kiangazi kirefu na baada ya mitambo kunywa kila siku, hurudi nyuma na kuacha matope mapana, majani mabichi na nyayo za ndege pale ambapo mitumbwi ilielea. Bahari hupwa mara mbili kwa siku. Ziwa letu hupwa mara moja kwa mwaka. Mwendo wake ni wa polepole, na anayeishi mjini bila kutoka hatauona kamwe.

Wala tusilionee haya. Ile iitwayo Bahari ya Galilaya, ambayo baadhi ya wavuvi wake tunawajua kwa majina, ni ziwa la maji baridi lenye kilomita za mraba zisizozidi 170. Tshangalele likijaa ni zaidi ya mara mbili ya hiyo. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusema kwamba Simoni na Andrea hawakuwa na pwani.

Katika shule za ualimu tulifundishwa kumwongoza mtoto kutoka kwenye kijulikanacho kuelekea kisichojulikana. Ni kanuni ya zamani, wengine huiona imechakaa, lakini haijashindwa. Kijana aliyelitembea ziwa la kwao kwa miguu, akaona mstari wa maji ya juu kwenye shina la mti na mstari wa maji ya chini mita nyingi mbele yake, siku akifika Bagamoyo au Pemba ataelewa bahari katika nusu saa. Aliyerukia bahari moja kwa moja kwa njia ya picha ataiona kuwa mandhari nzuri ya kupigia picha nyingine.

Basi pendekezo letu ni hili: safari ya mwaka ya vijana wetu iwe matembezi ya siku moja kwa miguu, kando ya Tshangalele, hadi ukuta wa bwawa la Mwadingusha.

Pingamizi la kwanza tunalijua, na ni zito kuliko linavyosikika. Mzazi mmoja akisikia kwamba mtoto wake atatolewa nyumbani ili atembee, atacheka au atakasirika. Katika mji wetu, kutembea ni alama ya kukosa nauli. Mama hutembea na makala kichwani. Kijana aliyeacha shule hutembea na mfuko wa mawe ya shaba mgongoni, kutoka shimoni hadi kwa mnunuzi. Mwanafunzi hutembea asubuhi na mapema akiwa hajala. Kutembea bila sababu, wanasema, ni mchezo wa watu walioshiba.

Hatulidharau neno hilo. Lakini tukumbuke jinsi lugha hii tunayoiandika ilivyofika Katanga. Haikuja kwa treni. Katikati ya karne ya 19 Msiri alitoka Unyamwezi na kujijengea dola lililotawala kutoka Bunkeya, kaskazini mwa mji wetu, hadi alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Kutoka huko misafara ilitembea miezi mingi, kupitia Ujiji na Tabora, hadi Bagamoyo na pwani ya Zanzibar, ikibeba shaba na pembe za ndovu, na ikiburuta watu waliouzwa. Kiswahili kilikuja kwetu kwa miguu, kikiwa kimebeba mizigo ya watu wengine. Mpagazi aliijua njia kuliko bwana wake, alijua kila kivuko na kila mahali pa kulala, lakini haikuwa njia yake, wala hakuchagua siku ya kupumzika.

Tofauti ni hapo. Mtu aliyebeba mzigo wa mwingine hutazama chini, kisigino cha aliye mbele yake. Kumpa kijana siku moja ambayo habebi kitu isipokuwa maji yake ya kunywa na mkate wake, siku ambayo anaruhusiwa kusimama na kuuliza ndege yule anaitwaje, ni kumrudishia kitu ambacho babu zake walinyang'anywa. Hasa kijana aliyetoka mashimoni. Yeye ndiye wa kualikwa kwanza, naye asitozwe mchango.

Pingamizi la pili husema: mwishoni mwa safari hiyo hakuna mnara wa taa, kuna ukuta wa saruji na walinzi. Ni kweli, na ndiyo sababu hasa tunataka mfike.

Mwadingusha ni taa yetu. Nuru inayowaka katika baadhi ya nyumba za mji huu, na nguvu iliyoyeyusha shaba kwa vizazi vitatu, vimetoka kwenye maji yanayoanguka pale. Baada ya ukarabati uliokamilika mwaka 2021, mitambo yake 6 inaweza kutoa megawati 78, na nguvu hiyo imetengwa hasa kwa ajili ya mgodi mkubwa ulio upande wa Kolwezi. Nyaya hupanda kutoka bondeni, hushika vilima na kwenda zake. Chini yake, katika vijiji vingi vya wavuvi, jioni huwashwa kibatari, au tochi ya betri, au moto wa kuni tu.

Hapo mlinganisho wetu na mnara wa taa unavunjika, na ni vizuri uvunjike mbele ya macho yenu. Mnara wa Kigomasha haumuulizi baharia kama amelipa. Unammulikia mvuvi wa ngalawa sawasawa na nahodha wa meli ya mafuta. Taa ya Mwadingusha huenda kwa aliyeweza kuinunua. Tunaelewa hesabu: mitambo ya zamani ilikuwa imechakaa, mwenye fedha aliitengeneza, naye anataka faida ya fedha yake. Bila yeye huenda mitambo ingekuwa imesimama. Lakini kuielewa hesabu si kukubali kwamba imekwisha. Watu ambao mashamba ya mababu zao yalifunikwa na maji ili umeme upatikane, wameungoja umeme huo karibu miaka 100. Vijana wakisimama juu ya kilima pale, wakaziona nyaya na wakaviona vijiji kwa mtazamo mmoja, watakuwa na swali ambalo hakuna semina itakayowapa. Tunalo jina la Kilingala linalojulikana katika parokia nyingi za nchi hii, Bilenge ya Mwinda, vijana wa taa. Jina hilo liende likasomwe chini ya zile nyaya.

Jambo la tatu ni maji yenyewe, na hapa tunawaomba msome polepole.

Mto Panda hauishii pale unapotoka machoni petu. Unachukua kinachotoka mjini na viwandani, unakikabidhi kwa Lufira, na Lufira unaingia ziwani. Ziwa halina kina, maji yake huenda taratibu, na kilichochukuliwa na mto hupata nafasi ya kutulia chini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima matope, mimea na samaki wa bonde la Lufira ya juu na kukuta shaba, kobalti, risasi na madini mengine mazito kwa viwango vya kutia wasiwasi. Mwaka 2009 ulichapishwa uchunguzi uliopima mkojo wa wakazi wa kusini mwa Katanga. Waliokaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi mno mwilini, na watoto zaidi ya wote. Hayo si maneno ya barazani. Yamepimwa katika maabara.

Hatuyaandiki ili mtu amkimbie mama auzaye samaki wa Kapolowe kando ya barabara kuu. Mama huyo hakumwaga kitu mtoni. Akikosa wanunuzi, wanawe watakosa shule, na kobalti itabaki pale pale. Tunayaandika kwa sababu wanaokaa juu ya mto wana deni kwa wanaokaa chini yake, na sisi wa Likasi tuko juu. Mfuko wa plastiki unaotupwa katika mtaro wa Kikula, mafuta ya gari yanayomwagwa nyuma ya gereji, kemikali inayotoka katika kiwanda kisicho na bwawa la kusafishia: vyote vina safari, na safari hiyo ina mwisho wenye jina. Kijana akiona tilapia na kambale wakitolewa wavuni na mtu aliyempa kiti akae, hatausahau mwisho huo. Bonde la Lufira liliandikwa mwaka 1982 na UNESCO miongoni mwa hifadhi za binadamu na viumbe hai. Katika Likasi nzima, ni vijana wangapi waliopata kuambiwa hivyo darasani?

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya serikali na wataalamu, na kwamba kikundi cha parokia kiimbe na kusali. Hatuoni ugomvi kati ya hayo mawili. Papa Fransisko alipotoa waraka wake Laudato si' mwaka 2015, tuliusoma katika jumuiya, tukaupigia makofi, tukauweka kabatini karibu na mishumaa. Waraka ule unaongea juu ya nyumba yetu sote. Nyumba yetu ina mlango wa nyuma, na mlango huo unatokea Tshangalele.

Tumalize na yale ambayo walezi watauliza, maana maoni yasiyofika kwenye viatu ni ya bure.

Kutoka Kapolowe Mission hadi Mwadingusha, hata kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 40. Kikundi kisijaribu kuzimaliza kwa siku moja. Gari liwafikishe katika kijiji cha wavuvi kilicho kilomita 10 au 12 kabla ya bwawa, na kutoka hapo mtembee, kisha gari liwangoje mwishoni. Wawili au watatu waende wiki moja kabla kuitazama njia, kwa kuwa haishiki maji kila mahali: vinamasi na mafunjo hulazimisha kupanda na kuzunguka, na kilomita 10 za kwenye ramani huwa 14 za miguuni. Wakati unaofaa ni mwisho wa mwezi wa 5 au mwanzo wa mwezi wa 6, mvua zikiwa zimekwisha na ziwa likiwa bado limejaa, isipokuwa wale wa mwaka wa 6 wa sekondari wanaojiandaa kwa mtihani wa Serikali. Hao waachwe wasome, watakwenda mwaka ujao. Anayetaka kuyaona matope na ndege wengi arudi mwezi wa 10, lakini ajue kwamba jua la mwezi huo halina huruma.

Hatua ya kwanza ipigwe saa 12 asubuhi. Kila mmoja achukue lita 3 za maji kutoka nyumbani na asitegemee ya ziwani. Kuogelea kusiwepo: maji yaliyotulia huleta kichocho, na kuhusu mamba waulizwe wenyeji, si wale wanaojifanya kujua. Wasichana waende kwa idadi ile ile ya wavulana, pamoja na walezi wa kike ambao wazazi wanawaamini, na jambo hilo litangazwe mapema kanisani ili minong'ono isitangulie safari. Barua ya kuomba ruhusa ya kuukaribia ukuta wa bwawa iandikwe mwezi mmoja kabla, na nakala yake apelekewe mkuu wa kijiji, kwa heshima na kwa mkono wa mtu, si kwa simu. Pasipo ruhusa, mitambo isipigwe picha. Vipaza sauti vibaki Likasi. Takataka zote zirudi Likasi, na mifuko ya kuzibebea igawiwe kabla ya mikate.

Kila watano wapewe daftari moja na kazi moja. Wengine wahesabu aina za ndege. Wengine waandike majina ya mitego na nyavu kama wavuvi wanavyoyataja, maana majina hayo yanapotea. Wengine wawaulize wazee kijiji chao kilikuwa wapi kabla ya maji kuja. Wengine wahesabu nyumba zenye umeme kutoka mwanzo wa njia hadi mwisho wake, waandike idadi bila kuongeza neno, na daftari hilo lisomwe mbele ya parokia nzima Jumapili inayofuata, baada ya matangazo.

Na kabla ya hatua ya kwanza, mtafuteni mvuvi mmoja mzee, mmwamkie inavyopasa, mmwulize maji yalifika wapi mwaka huu. Atawaonyesha kwa kidole mti fulani, au ukuta wa nyumba, au jiwe ambalo mlidhani halina maana yoyote. Anzieni hapo.